Ujirani na Ndege Wasiofugika

Filamu ya hali halisi iitwayo All That Breathes, iliyoelekezwa na Shaunak Sen na kutoka mwaka 2022, inawafuata ndugu wawili wa Delhi, Nadeem Shehzad na Mohammad Saud, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatibu mwewe waliojeruhiwa katika chumba cha chini cha nyumba yao. Mwaka huohuo ilishinda tuzo Sundance na Cannes, na mwaka 2023 ikateuliwa kuwania Oscar. Kila ninapoizungumzia na mtu aliyeitazama hapa Nairobi, husikia moja ya kauli mbili. Wa kwanza husema ni hadithi tamu ya watu wenye roho safi waliowapenda ndege, na kwamba sisi pia tujifunze kuwapenda wetu. Wa pili husema ni anasa kumlilia ndege katika jiji ambalo binadamu wenyewe hawajapata wa kuwalilia. Naona wote wawili wameitazama filamu ileile na kuikosa. Kinachoonyeshwa pale ni ujirani, na ujirani ni mzito kuliko mapenzi, kwa sababu jirani humchagui, si lazima umpende, na bado ana haki juu yako. Nairobi, jiji la mwewe na la kongoti, yule ndege mkubwa mla mizoga, ina sababu ya kulielewa jambo hili mapema kuliko miji mingi, hasa wakati huu ambapo Mto Nairobi unasafishwa na hatima ya jaa la Dandora inajadiliwa upya.

Tuanze na kilichomo ndani ya filamu yenyewe, maana wengi hukumbuka macho ya mwewe na kusahau mengine. Ndugu hawa, wakiwa vijana, walimwokota mwewe aliyeumia wakampeleka kwenye hospitali ya ndege, na hospitali ikamkataa kwa kuwa mwewe ni mla nyama. Wakaamua kumtibu wenyewe. Walichokijua kuhusu misuli na kano walikuwa wamekipata katika mazoezi ya kujenga mwili, na riziki yao ilitokana na kutengeneza vifaa vya kutolea sabuni, vilivyokuwa vikiundwa katika chumba kilekile ndege walimolazwa. Majeraha mengi hutokana na uzi wa tiara, ambao huko hupakwa unga wa vioo ili ukate uzi wa mshindani angani, na uzi unaokata uzi hukata na bawa. Kamera haiwaachi mwewe peke yao: inashuka kwenye madimbwi, panya, taka, moshi na hofu ya kisiasa iliyowazunguka wakazi Waislamu wa jiji lile mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020. Hakuna mwewe hata mmoja anayerudi kutoa shukrani. Kuna mmoja anayemnyakua mhudumu miwani yake. Waliotibiwa na ndugu hawa na wenzao wamepita 20,000, na lengo kwa kila mmoja ni siku ile atakapoondoka bila kugeuka nyuma. Anayeuita uhusiano huo mapenzi analazimika kueleza ni mapenzi gani yanayopimwa kwa ubora wa kuagana.

Sasa tuirudie Nairobi. Mtu anayepita karibu na Uwanja wa Nyayo akielekea Barabara ya Mombasa hahitaji kuelezwa kongoti ni nani, ingawa huenda akamfahamu kwa jina la marabu. Ni ndege wa kimo cha takriban mita moja na nusu, mwenye mabawa yanayofikia zaidi ya mita mbili na nusu yanapokunjuliwa, kichwa kisicho na manyoya ambacho kinaweza kuingia ndani ya mzoga na kutoka bila kushikwa na uchafu, na miguu inayoonekana myeupe kwa sababu hujinyea makusudi ili kinyesi kikikauka kimpunguzie joto. Kwa asili ni mfuasi wa mizoga nyikani, anayekula ubavuni mwa tumbusi. Lakini tumbusi wametuponyoka: utafiti uliochapishwa katikati ya muongo uliopita ulionyesha kwamba spishi 8 za tumbusi wa Afrika zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miongo mitatu, na sumu inayotiwa kwenye mizoga ilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote. Kongoti alinusurika kwa kuingia mjini. Akapata jaa la Dandora, akapata mabaki ya vichinjio vya Dagoretti na ya mbuzi wa Kiamaiko, akapata mapipa yasiyozolewa nyuma ya masoko, na akapata migunga ya kando ya barabara kuu ya kujengea viota. Mwewe naye, yule mwenye mdomo wa njano, hakuwa na safari ndefu. Nilipokuwa shule ya msingi, alinipokonya andazi mkononi mara mbili katika muhula mmoja, na mwalimu wa zamu akatuagiza tule tukiwa chini ya paa. Hakuna aliyeona ajabu. Tulijifunza saa zake kama tunavyojifunza saa za jirani mwenye mbwa mkali.

Lugha yetu ilikwisha kuliona hili kabla ya filamu yoyote. Kiswahili kinaposema dua la kuku halimpati mwewe, kinakiri kwamba mwewe yupo, kwamba ana nguvu zake, na kwamba kumlaani hakumwondoi angani. Kinaposema kunguru hafugiki, msemo ambao watu wameuelekeza isivyo haki kwa wanawake, kinataja jambo la kweli kabisa kuhusu ndege wenyewe: wapo viumbe wanaokaa nasi pasipo kuwa wetu. Ng'ombe na kuku wana mwenyewe. Swala na simba tumewawekea mbuga na uzio. Ndege wa mjini hana mwenyewe na hana mbuga. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inamtambua, lakini mawazo yetu ya kila siku hayajampa nafasi, na ndiyo maana tunapomwona kwenye filamu tunamtia haraka katika nafasi mbili tulizozizoea, ya mnyama wa kupendwa au ya mdudu wa kufukuzwa. Neno jirani linatupa nafasi ya tatu, na sioni kwa nini tulitafute mbali.

Wanaosema tuwapende ndege mara nyingi humaanisha tuwalishe. Ni hoja yenye wema ndani yake na siidharau. Huko Delhi, kurusha vipande vya nyama hewani kwa ajili ya mwewe ni desturi ya kidini kwa baadhi ya Waislamu, wanaotarajia thawabu na kuondolewa mashaka, na watafiti waliowachunguza mwewe wa jiji lile wameona kwamba huzaliana kwa wingi pale ambapo taka na desturi hiyo vinakutana. Kwa hiyo kulisha kunajenga kitu cha kweli. Swali ni kinajenga nini. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu unatoka San Francisco, ambako Judy Irving alitengeneza filamu mwaka 2003 kuhusu Mark Bittner na kundi la kasuku waliotoroka vizimbani wakastawi kwenye miti ya kilima cha Telegraph Hill. Bittner aliwalisha kwa mkono, akawapa majina, akawajua mmoja mmoja. Kama kuna binadamu aliyewapenda ndege wa mjini mbele ya kamera, ni yeye. Filamu ilipopata umaarufu, watu walimiminika kutaka na wao kasuku awatue mkononi. Mwaka 2007 jiji likapiga marufuku kuwalisha kasuku hao katika maeneo ya umma, na Bittner mwenyewe aliiunga mkono marufuku hiyo. Aliona kwamba ndege aliyezoea mkono mmoja mwema huiamini mikono yote, na mikono yote si myema. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya kwenye filamu, kwa sababu alikubali kupoteza ukaribu aliouthamini ili wao wabaki ndege.

Hoja ya upande wa pili ni nzito zaidi na inastahili kusikilizwa bila haraka. Inasema: jiji hili lina watoto wanaookota chakula Dandora katika lundo lilelile anamookota kongoti, na anayeanza na kongoti amekosa utaratibu wa huruma. Siwezi kuipuuza hoja hii. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanapanda. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yapo hapahapa Gigiri, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachozidi au kufikia kile kilichokuwa kikihesabiwa kuwa hatari wakati huo. Mtu anayezijua habari hizi kisha akaambiwa aangalie ndege ana haki ya kukasirika. Lakini hebu tuifuate hoja hadi mwisho wake. Inachukulia kwamba mtoto na kongoti wamo katika foleni moja ya kugawiwa huruma, na kila anachopewa mmoja kimetolewa mdomoni mwa mwingine. Hali halisi ya Dandora inakataa picha hiyo. Moshi unaomfikia kongoti juu ya lundo ndio unaoingia madarasani. Uamuzi wa kuchanganya taka za hospitali, za viwandani na za jikoni katika jaa moja lisilo na uzio madhubuti uliwaumiza wote kwa pamoja, na uamuzi wa kuzitenganisha utawafaa wote kwa pamoja. Filamu ya Delhi inalisema hili kwa njia yake: ndege wanaanguka kutoka katika hewa ileile ambayo binadamu wanaikohoa. Kwa hiyo anayemjali mtoto wa Dandora kwa dhati atajikuta, atake asitake, amefika kwenye suala la kongoti, kwa kuwa ndege yule ni alama inayoonekana kutoka mbali ya mahali taka zetu zinapokwenda.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo ndiyo inayosikika zaidi, ni ile ya kusema ndege hawa ni wachafu na waondolewe mjini. Wanaoisema hawatuambii waondolewe namna gani wala waende wapi, lakini kasoro kubwa ni kwamba wanageuza sababu kuwa matokeo. Kongoti hakuuleta uchafu Nairobi. Aliufuata. Ukimwondoa leo na kuacha tani zile za mabaki ya nyama mahali pake, umebaki na mabaki ya nyama, ukiongeza nzi, panya na mbwa waliokuwa wakigawana naye. Pwani yetu ina ushahidi wa zaidi ya karne moja juu ya jambo hili. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji. Alizila, akazaliana, akavuka bahari, na mwaka 1947 alikwisha kuonekana Mombasa. Leo anavamia viota vya ndege wa asili, anasumbua wafugaji wa kuku na wenye mikahawa, na mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Binafsi siupingi udhibiti huo, kwa sababu huyu ni mgeni aliyeletwa na binadamu na anawamaliza wenyeji, na ujirani hauna maana ya kumwachia mmoja awafukuze wote. Ninachokipinga ni kudhani kwamba sumu peke yake itatosha. Kampeni za awali ziliwapunguza sana Malindi na Watamu. Zilipokatizwa wakarudi, kwa kuwa meza yao ilikuwa bado imetandikwa. Wataalamu wana hofu kwamba kunguru huyu anaweza kupanda bara kwa kufuata barabara kuu na vituo vyake vyenye taka. Akifika Nairobi atakuta kila kitu alichokipenda Mombasa.

Kuna malalamiko mengine juu ya ndege ambayo ni ya haki kabisa, na anayetetea ujirani asiyafiche. Lugha yetu inamwita kiumbe na chombo kwa jina moja, na katika anga ya Nairobi hao wawili wanaweza kuuana. Ndege mkubwa akiingia katika injini wakati wa kupaa au kutua, maisha ya abiria yamo hatarini. Uwanja wa Wilson unapakana na Mbuga ya Nairobi, na uwanja wa Jomo Kenyatta hauko mbali na njia za kongoti wanaokwenda na kutoka majaani. Ndiyo maana wazo la muda mrefu la kulihamishia jaa la Dandora eneo la Ruai lilipata pingamizi kutoka kwa wasimamizi wa viwanja vya ndege, walioona kwamba lundo jipya la taka litawakusanya ndege mahali pabaya zaidi. Wengine walikichukulia kisa hicho kama kichekesho cha ndege kuzuia maendeleo. Mimi nakiona kama mara moja adimu ambapo mpango wa jiji ulilazimika kujiuliza kiumbe asiyefugika atafanya nini baada ya amri kutolewa. Swali lile liliulizwa kwa hofu, na hofu ni mwanzo mzuri kuliko kutouliza. Lingeweza kuulizwa kwa hiari kila tunapojenga.

Wala tusidhani kwamba mazoea haya ya kuangalia ni ya kigeni kwetu. Tangu mwaka 1971, kila Jumatano asubuhi, kundi la watu wenye darubini limekuwa likikutana Nairobi kwa matembezi ya kutazama ndege yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno chini ya chama ambacho leo kinaitwa Nature Kenya. Wanafunzi wasio na senti mfukoni wametembea humo bega kwa bega na mabalozi, na baadhi yao wakawa wataalamu wa ndege. Hawalishi, hawashiki, hawafugi. Wanaangalia, wanataja jina, wanaandika. Ukitaka kujua kwarara anayepiga kelele alfajiri juu ya paa lako ameanza lini kuzoea vitongoji, au tai anayewinda kima Karura anahitaji msitu wa ukubwa gani, utaishia kwenye madaftari ya watu wa aina hiyo. Karura yenyewe ilibaki msitu kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya walinzi na wahuni mwaka 1999. Na mwezi Novemba 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti mkubwa wa mugumo pale Waiyaki Way ulinusurika kwa agizo la Rais Uhuru Kenyatta, baada ya wakazi kuupigia kelele. Barabara ilijengwa na mti ukabaki. Kilichohitajika ni mtu wa kuuhesabu mti ule miongoni mwa vilivyopo kabla ya michoro kukamilika, na haikupaswa kumsubiri Rais.

Hapo ndipo ninapofikia matokeo ya mjadala huu kwa jiji letu. Ikiwa kazi ya kusafisha mto na taka itafanikiwa, kama ninavyoomba ifanikiwe, chakula cha kongoti kitapungua, na hilo ni jambo jema kwake na kwetu, lakini halitapita kimyakimya. Ndege waliozoea lundo watatawanyika, watashuka kwenye masoko, shule na uwanja wa ndege, na malalamiko yatapanda katika miaka ileile ambayo mambo yanatengenezwa. Jiji lisilotarajia hilo litakimbilia sumu na msumeno. Jiji linalotarajia litafunga jaa kwa hatua, litafunika taka za vichinjio siku hiyohiyo, litaziba mapipa ya shule ili mwewe asijengewe mazoea, na litawaachia ndege wapungue kwa kasi ya chakula chao. Jambo la pili ni matibabu. Sheria haimruhusu raia kumfuga ndege wa porini bila kibali, na ni sawa. Lakini mtu anayemwokota mwewe aliyegongwa na gari Jogoo Road leo hajui aanzie wapi, na wengi humwacha afe kando ya lami. Ndugu wa Delhi walilazimika kufungua kliniki chini ya nyumba kwa kuwa mlango uliopaswa kufunguka ulifungwa. Tusiwasifu tu, tuone aibu ya mlango ule. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lina madaktari na lina kituo cha wanyama yatima hapahapa Lang'ata. Namba moja ya simu inayojulikana na kila askari wa trafiki na kila mwalimu mkuu ingebadilisha mengi kwa gharama ndogo.

La mwisho ni migunga. Kongoti hujenga kiota wakati wa kiangazi, na kinda lake hukaa juu ya mti miezi mitatu au zaidi kabla ya kuruka. Tawi linalokatwa katika kipindi hicho linashuka na makinda. Tunayo sheria ya mazingira tangu 1999, na inadai tathmini kabla ya miradi mikubwa. Inawezekana kabisa kuandika ndani ya kila kibali cha kukata au kupogoa miti ya barabarani kwamba viota vihesabiwe kwanza na kazi isubiri makinda yaruke. Njia ya miguu iliyo chini ya viota inaweza kusogezwa au kujengewa paa, kwa sababu mwananchi anayekwenda kazini naye ana haki ya kufika akiwa na shati safi. Kuhesabu si kazi ngumu. Inahitaji asubuhi moja, mtu mwenye darubini na karatasi, na watu hao wanakutana kila Jumatano.